"Ardhi ni ya Rais, na hapa kijijini Rais ni mimi." Hivi huyu mtu anatuonaje?

Mchikichi_Mkongwe (mleta uzi)
Wakuu, nimetoka mkutanoni sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Simtaji jina huyu mwenyekiti wetu wa kijiji, kwa sababu huku Kigoma hata mgebuka ulioko ziwani unamjua. Muhuri anautembeza mfukoni kama kopo la ugoro, na umegongwa mpaka maandishi yamekwisha, limebaki duara.

Mama mmoja mtu mzima kasimama, kauliza kwa adabu zote: ile ardhi ya akiba kule bondeni, hekta 60, kapewa mgeni lini, mbona wanakijiji hatukuitwa? Bwana mkubwa kajibu bila hata kuinuka kitini: "Ardhi yote ni ya Rais, mama. Na hapa kijijini Rais ni mimi. Kaa chini."

KAA CHINI! Mama mwenye umri wa kumzaa!

Kwa faida yake, maana najua anapita humu: Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya raia wote. Mdhamini anashika kwa ajili ya wenzake. Ya kijiji iko kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka huohuo. Kifungu cha 8 kinaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia, na papo hapo kinaikataza kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Mkutano mkuu ni kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Ni yule mama aliyeambiwa akae chini!

Sasa sikieni ujanja wenyewe. Kanuni za mwaka 2001 zinaiachia halmashauri ya kijiji mwisho hekta 20. Kuanzia 21 hadi 50 lazima jambo lipande halmashauri ya wilaya. Zikizidi 50, ni kwa Kamishna wa Ardhi. Ndiyo maana zile hekta 60 zimekatwa karatasi tatu za hekta ishirini ishirini, majina matatu ya ukoo mmoja, tarehe moja, kalamu moja. Na muhtasari wa "mkutano ulioridhia" umebandikwa orodha ya mahudhurio ya siku ya kugawa vyandarua! Waliolala makaburini mwaka jana nao wametia sahihi!

Halafu mama anaambiwa akae chini.

Dagaa_wa_Mwaloni
Pole mkuu. Ila mlikuwa wangapi hapo mkutanoni? Mia mbili? Mama kaambiwa kaa chini, na mia mbili mlikuwa mmeshakaa. Umekuja kusimama huku mtandaoni.

Bibi_Mawese
Dagaa, muache mwenzio apumue. Rais wa duara huyo! 😂 Nyie mnamshangaa leo? Na ile asilimia kumi anayodai kila shamba likiuzwa, ameikuta kifungu gani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji haimpi mwenyekiti senti hata moja ya bei ya shamba la mtu.

Mchikichi_Mkongwe
@Dagaa hujanielewa. KAA CHINI amemwambia mama yetu! Na kesho tunakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, aje aseme huko kuwa yeye ni Rais.

Kalamu_Nyekundu
Mleta uzi, hasira yako ni halali ila njia unayoelekea ni ya kutupiwa kesi nje siku ya kwanza.

Mkiishtaki halmashauri ya kijiji yenyewe, hiyo ni serikali za mitaa. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 mnatakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90, mumuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Baraza la wilaya halina mamlaka nalo. Watu wamehangaika miaka na mashauri ya namna hii, mwisho yanafutwa kwa sababu ya notisi tu, wanarudi mwanzo na mvamizi ameshavuna mara tatu.

Ugomvi ukiwa wa mtu na mtu ndipo unaanza na baraza la ardhi la kijiji, wajumbe saba, angalau watatu wanawake. Hilo linasuluhisha tu. Baraza la kata nalo tangu 2021 limebaki na usuluhishi tu, halitoi hukumu. Likishindwa linawapa cheti cha kushindwa. Zikipita siku 30 bila suluhu mnaruhusiwa kwenda baraza la wilaya hata bila hicho cheti.

Kabla ya yote, tafuteni nakala ya muhtasari, orodha ya mahudhurio, na ukurasa wa daftari la ardhi la kijiji. Mwombeni mtendaji kwa barua, nakala yenu igongwe kuwa imepokelewa. Muhtasari wa vyandarua ndiyo kesi yenu. Lile neno la Rais halithibitishi chochote.

Mchikichi_Mkongwe
Halithibitishi? Kamwambia mama KAA CHINI mbele ya wajukuu zake!

Reli_ya_Kati
Mko kijijini mnalia, njooni mjini muone. Huku tulichangishwa nyumba kwa nyumba hela za urasimishaji, yaani kupimiwa viwanja tulivyojenga bila mpango ili tupate hati, kampuni ikaja na mashine yake, ikachimbia bikoni, zile zege za alama ya mpaka, ikapotea. Ukienda kuulizia hati unaambiwa mchoro wa mipango miji haujaidhinishwa. Yaani wamepima kabla ya mchoro! Mchoro ndio unaanza, kisha ramani ya upimaji inaidhinishwa, ndipo hati inaandaliwa. Bikoni bila ramani iliyoidhinishwa ni zege la kujikwaa usiku.

Bibi_Mawese
Afadhali nyie mna hata zege. Wajane huku wanafukuzwa shambani na mashemeji arobaini haijafika, eti mila. Mila gani? Kifungu cha 20 cha hiyohiyo Namba 5 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina mawili, mume na mke, ila mwanaume akienda kujaza fomu peke yake anarudi na jina moja. Akina mama, nendeni wote wawili siku ya kujaza!

Dagaa_wa_Mwaloni
Na sisi wa mwaloni? Mtu amejenga ukuta mpaka majini, mitumbwi haina pa kuegesha. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ufukweni. Yeye hata sita hakuacha.

Reli_ya_Kati
Dagaa, usirukie, tuko kwenye bikoni. Jirani yangu ameng'oa moja akaichomeka mita mbili ndani ya uwanja wangu. Nairudisha vipi?

Kalamu_Nyekundu
Usiiguse kabisa. Kung'oa au kuhamisha alama ya mpaka ni kosa la jinai, na ukiirudisha mwenyewe mnakuwa wawili mliohamisha. Ripoti polisi, kisha omba mpima wa halmashauri aje kufufua mpaka kwa kutumia ramani iliyoidhinishwa. Kila bikoni ina namba yake na vipimo vyake vimo kwenye ramani. Jirani aking'ang'ana, namba na vipimo ndivyo vinamuumbua.

Reli_ya_Kati
Yangu haina namba.

Kalamu_Nyekundu
Haina namba kabisa, au imefutika? Piga picha ya juu yake mchana, pangusa udongo kwanza.

Reli_ya_Kati
Nimepangusa. Ni zege tupu, hata nondo katikati hamna.

Bibi_Mawese
Basi mdogo wangu, mmechangishwa mkachimbiwa mawe. Kampuni ni ile ya gari jeupe?

Reli_ya_Kati
Hiyohiyo!

Bibi_Mawese
Fungua uzi wake. Nakuja na risiti.