Taa za boti ndogo ziwani: nyeupe moja ya pande zote, au ya mlingoti na ya tezi mbalimbali?

KasiaMbili: Wakuu, nina boti ya mita 6.5 yenye injini ya nje, naitumia ziwani na mtoni. Nataka kuifungia taa za usiku, nimekwama kwenye haya:
(a) nyeupe ya mlingoti, nyeupe nyingine ya tezi (nyuma ya boti), na za ubavuni (nyekundu na kijani);
(b) nyeupe moja ya pande zote, na za ubavuni;
(c) nyeupe moja basi.

Demani: (b). Taa ya mlingoti inamulika nyuzi 225, ya tezi 135, jumla 360. Ya pande zote inafunika duara lilelile, na Kanuni ya 23 ya COLREG ya 1972 (kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini) inairuhusu kwa chombo kilicho chini ya mita 12. Aliye mbele yako ataona nyeupe, nyekundu na kijani. Aliye nyuma ataona nyeupe tu, sawasawa na kwenye (a). Umepunguza waya, hujapoteza kitu.

NangaJuu: Na ukitia nanga, nyeupe hiyohiyo ndiyo taa ya nanga, unazima za ubavuni tu. Kwa hiyo swichi ziwe mbili! Kuna boti zina swichi moja ya taa zote: mwenyewe katia nanga kalala, huku nyekundu na kijani zinawaambia wengine yuko safarini. Mwenye (a) itabidi atafute nyeupe ya tatu.

MzeeWaTanga: Msiidharau (c). Chini ya mita 7, kama kasi ya juu haizidi maili 7 za baharini kwa saa, nyeupe moja inatosha.

Demani: Mzee wangu, imalizie hiyo kanuni: za ubavuni nazo ziwekwe ikiwezekana. Tena kinachopimwa ni uwezo wa boti, si mwendo ulioamua kwenda usiku huo. Halafu Kanuni ya 1 inaziachia mamlaka za mito na maziwa ziweke masharti yao. Kanuni za maji ya ndani za Marekani, kwa mfano, hazina msamaha huo wa nyeupe moja. KasiaMbili, waulize wanaosajili vyombo kwenye maji yako kabla hujanunua.

MzeeWaTanga: Hapo sawa. Msamaha ulio wazi ni wa mwenye makasia, au wa tanga chini ya mita 7 asiyeweza kuweka taa za kawaida: kurunzi nyeupe mkononi, aiwashe mapema kabla hajagongwa. Ila wa tanga akiwasha injini, huyo ni chombo cha injini hata tanga likiwa limejaa upepo.

FundiWaya: Ubaya wa (b) hamjautaja: nguzo ya taa ikiwa fupi mwanga unampiga nahodha machoni, haoni kitu mbele. Iwe juu ya taa za ubavuni kwa mita 1 au zaidi, na chini yake weka kisahani cheusi ili isimulike sakafu ya boti. Nyeupe ionekane maili 2 za baharini, za ubavuni maili 1. Taa za mapambo hazifiki huko. LED za bei rahisi nyingine huleta kelele kwenye redio ya mawasiliano ya VHF, kwa hiyo ziwashe huku unasikiliza redio kabla hujazifunga moja kwa moja.

KasiaMbili: Basi (b), swichi mbili. Boti ina paa la turubai lenye fremu ya chuma. Nguzo niifunge juu ya paa au kwenye tezi?

FundiWaya: Kwenye fremu, juu ya paa. Ukiiweka tezi, abiria akisimama tu ameiziba.