Mama kafika, lakini muhuri hauonekani

UKOO WA BI RUKIA 🌴
Jumapili, 14 Januari 2024

Salma (Boston): Assalaam alaykum jamani. Mama kafika salama, alhamdulillah. Ashaingia jikoni anauliza mbona mchele wetu hauna harufu 😂

Shangazi Mwanaidi: Wa alaykum salaam. Alhamdulillah! Pole na safari wifi yangu.

Ami Hamadi: MashaAllah. Mwacheni apumzike sasa.

Salma: Ila nina jambo. Nimepekua pasi yake ukurasa kwa ukurasa, muhuri wa kuingia siuoni. Upo ule wa kutoka Nairobi tu.

Shangazi Mwanaidi: Yaa Rabbi! Hakugongewa? Mimi 2016 nilipokwenda, ofisa alinigongea vizuri, akaandika kwa kalamu B2, yaani mgeni wa matembezi, na chini yake tarehe ya mwisho ya kukaa.

Bakari (Texas): Shikamooni nyote. Salma, uhamiaji alipita wapi, New York au huko Boston?

Salma: New York. Boston alishuka kama katoka Nakuru, hakuna aliyemuuliza kitu.

Bakari: Sawa. Ukaguzi hufanyika pale unapotua mara ya kwanza. Ndiyo maana hata sanduku alilichukua New York akalirudisha tena. Muulize yaliyopita dirishani.

Salma: 📷 Picha

Bakari: SALMA FUTA HIYO PICHA

Bakari: Umeweka ukurasa wenye namba ya pasi na tarehe ya kuzaliwa. Humu kuna watu hata mimi siwajui.

_Ujumbe huu umefutwa_

Jumaa wa Likoni: Mimi nilikuwa naangalia tu vile alivyotokea vizuri kwenye picha

Salma: Haya. Mama anasema alipigwa picha, akaweka vidole kwenye kioo, akaulizwa anakaa muda gani. Akajibu "mpaka mjukuu akaze shingo." Aliyekuwa anatafsiri akacheka, ofisa akacheka, akarudishiwa pasi. Muhuri hapana.

Shangazi Mwanaidi: 😂😂 Na mtoto mwenyewe hajazaliwa!

Ami Hamadi: Sasa kelele za nini? Viza yake si mpaka 2028? Nimeiona kwa macho yangu.

Bakari: Ami, hiyo 2028 ni ruhusa ya kubisha hodi. Mpaka siku hiyo anaweza kufika mlangoni akaomba kuingia. Ndani anakaa siku alizopangiwa na mwenye nyumba, na hizo hupangwa siku ya kuingia. Zamani zilikuwa kwenye muhuri na kile kikaratasi cheupe cha I-94 kilichobanwa kwenye pasi. Kikaratasi kwa wanaokuja na ndege kiliondolewa 2013, na muhuri nao wanaupunguza. Rekodi imebaki kwenye kompyuta.

Bakari: Salma ingia i94.cbp.dhs.gov. Andika hivyo hivyo kwenye anwani, usitafute Google, utaletewa tovuti za watu wanaotoza pesa. Ile ya serikali kuangalia ni bure.

Salma: Inasema hakuna rekodi 😰

Shangazi Mwanaidi: Hasbunallah. Arudi New York?

Bakari: Haendi popote. Jina andika kama lilivyo kwenye pasi, majina yake mawili ya mwanzo yote kwenye kisanduku kimoja, la ukoo peke yake. Halafu namba ya pasi, ile O uliyoandika ni sifuri.

Salma: Umejuaje nimeandika O?

Bakari: Nilikuona ukiandika O kwenye namba ya simu mwaka mzima.

Salma: IMETOKA. Class of Admission B2. Admit Until Date 07/13/2024.

Shangazi Mwanaidi: Mwezi wa kumi na tatu ndio upi?

Bakari: Huko mwezi hutangulia, Shangazi. Ni tarehe 13 Julai, ndiyo mwisho wake wa kukaa. Miezi sita, ndivyo wageni wa B2 hupewa mara nyingi. Mimi ni mwanafunzi, muda wangu umeandikwa D/S, hauna tarehe, nakaa maadamu nasoma. Kwa hiyo msichukue wangu mkaupima wa Mama.

Salma: Ngojeni.

Salma: Tiketi yake ya kurudi ni tarehe 2 Agosti.

_Simu ya kikundi haikupokelewa_

Ami Hamadi: Siku ishirini tu hizo. Atalipa faini uwanja wa ndege. Dubai nililipa dirhamu hamsini kwa kila siku iliyozidi, nikapanda ndege nikaja zangu.

Bakari: Dubai ni Dubai, Ami. Marekani hakuna dirisha la kulipia. Akizidisha hata siku moja, ile viza ya 2028 imekufa, aanze upya kuomba. Akizidisha zaidi ya siku 180 kisha aondoke, miaka 3 haingii. Mwaka mzima, ni miaka 10.

Shangazi Mwanaidi: Miaka kumi! Mjukuu atakuwa anapiga mpira.

Salma: Si kuna kuomba kuongezewa?

Bakari: Ipo, fomu I-539, na lazima ifike kabla ya 13 Julai. Lakini ina ada na majibu huweza kuchelewa. Kwa wiki tatu? Badilisha tiketi. Na uichape hiyo I-94 leo, uitie ndani ya pasi.

Salma: Mama kasikia yote. Anasema tarehe 6 Julai inamtosha, mtoto atakuwa keshapita arobaini zamani. Na anauliza tiketi ya Agosti ilikatwa na nani.

Shangazi Mwanaidi: Si Ami yenu? Alisema Agosti bei ni nafuu.

Salma: Kubadilisha wanataka dola 150.

Jumaa wa Likoni: Ami yuko hewani, naona anaandika

Jumaa wa Likoni: Ameacha

Shangazi Mwanaidi: @Hamadi

Salma: Ami namba ya M-Pesa ya kaka unayo, yeye atanibadilishia dola. Mama anakusalimia sana 🥰