Mwaka mmoja wa kuandika bendi za zamani: niendelee kutandaa au nichimbe pale pale?

MwanaChumbageni (Tanga)

Wakuu, salaam. Mwezi huu natimiza mwaka tangu nianze kuandika habari za muziki wa dansi. Naandika mwenyewe, sina gazeti wala redio nyuma yangu. Nilianza na bendi za kwetu, Atomic na mtindo wao wa Kiweka, Jamhuri Jazz, halafu nikatoka: Morogoro kwa Mbaraka Mwinshehe, Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, Dar kwa Western Jazz na mtindo wao wa Saboso. Watu wamesoma, wamerushiana kwenye magrupu, na wengine wameniletea picha za wazazi wao wakiwa jukwaani. Hilo limenipa moyo sana.

Ila nikipitia niliyoandika, naona yanafanana. Bendi imeanza mwaka fulani, mwimbaji ni fulani, mtindo wao uliitwa hivi, mwisho ikavunjika. Mwimbaji jina lake lipo. Mpiga gita la solo naye mara nyingi lipo. Aliyepiga gita la ridhimu, gita la besi, ngoma za tumba, aliyepuliza saksafoni, ukimtafuta humpati popote.

Sishangai kwa nini. Bendi nyingi zilikuwa za taasisi: NUTA ya chama cha wafanyakazi, Urafiki ya kiwanda cha nguo, Polisi, Magereza, Vijana. Vyombo vya taasisi, mwanamuziki mwajiriwa. Wakirekodi Radio Tanzania, kinachobaki kinajulikana kwa jina la bendi na jina la wimbo. Santuri zilizochapwa Nairobi zikitaja mtu, kwa kawaida ni mtunzi.

Juzi nilikwenda Ngamiani kwa mzee mmoja aliyewahi kupiga ridhimu. Hajaniruhusu kumtaja, kwa hiyo simtaji. Nilimwekea wimbo wa bendi yake kwenye spika ndogo. Hakusema neno. Mkono wa kushoto ulipanda juu ya fimbo yake, vidole vikawa vinabana na kuachia, vinabana na kuachia, wa kulia unakwangua pajani, na kidole kidogo hakikutulia hata mara moja. Ghafla akasema, "Simamisha. Rudisha nyuma kidogo. Hapo unasikia magita mangapi ya juu?" Nikasema mawili. Akasema, "Matatu. Sikiliza lile linalojibu." Tukarudisha mpaka nikalisikia: dogo, liko nyuma ya waimbaji, kila wakivuta pumzi linaingia. Akanitajia aliyelipiga, kijana aliyetoka kwenye mashamba ya mkonge ya Amboni, na akanieleza alivyokuwa akikaa kwenye kiti huku wenzake wamesimama.

Wimbo ule umepigwa redioni miaka yote hii, na jina la yule kijana nimelisikia kwa mara ya kwanza sebuleni kwa mzee.

Sasa naomba ushauri. Mwaka wa pili niendelee na bendi mpya kila wiki, maana wasomaji wameshazoea, au nikae na bendi mbili tatu nichimbe mpaka nijue nani alishika chombo gani? Wazee hawa hawatatungoja.

BintiTumba (Morogoro)

Kaka, chimba. Naomba sana, chimba.

Baba yangu alipiga tumba. Amefariki bila jina lake kuandikwa mahali popote, na wimbo aliopiga nikiusikia kwenye daladala huwa namwambia wa pembeni yangu, "huyo ni baba," wengine wanatabasamu tu. Jioni ya dansi alikuwa anawasha jiko la mkaa uani, anazigeuzageuza tumba karibu na moto mpaka ngozi ikaze, anagonga kwa ncha za vidole, anasikiliza, anarudisha tena kwenye joto. Msimu wa masika alichukua muda mrefu zaidi kwa sababu ya unyevu. Sisi watoto hatukuruhusiwa kusogea. Sijaona mtu ameandika jambo kama hilo, na bila hilo jiko muziki wenyewe usingesikika vile.

Nakuomba pia usiishie kwa wanaume waliokuwa jukwaani. Waulize wake zao, na mafundi walioshona sare. Mama yangu hadi leo anakumbuka sare ipi ilivaliwa safari ipi, na nani alikuwa hajajiunga bado kwa sababu sare yake haikuwepo kwenye furushi.

SanturiNairobi

Nawasalimu nyote kutoka huku Nairobi. Dada, pole kwa baba. Ndugu wa Tanga, mimi nitapinga kidogo. Ukikaa na bendi moja utakwama, kwa sababu hawa watu hawakukaa na bendi moja.

Chukua wa kwenu hapo hapo. Wilson na George Kinyonga walitoka Jamhuri Jazz ya Tanga, wakapitia Arusha, 1971 wakaingia Kenya na kuanzisha Simba Wanyika. Mwaka 1978 kundi likapasuka, Les Wanyika wakazaliwa. Sasa angalia ni akina nani walioondoka: Omar Shabani wa ridhimu, Tommy Malanga wa besi, Rashid Juma wa dramu. Ni wale wale unaosema hawaandikwi! Nina santuri za pande zote mbili, na ukizicheza moja baada ya nyingine utasikia sakafu ya muziki imehama na watu watatu. Mashabiki wa hapa wengi watakutajia waimbaji usiku kucha, lakini kilichowainua kwenye viti ni ridhimu ya Shabani.

Kwa hiyo ushauri wangu: fuata mtu. Yeye akihama bendi, nawe hama naye. Akivuka mpaka, tuandikie, tutakusaidia upande huu.

FundiMitambo_Mstaafu (Dar es Salaam)

Vijana, hamjambo. Nilifanya kazi ya mitambo ya sauti kwa miaka mingi, na nafurahi kuona mtu anajali hawa watu.

Nina mambo mawili. La kwanza, usimuulize mzee "ilikuwa mwaka gani." Atakupa mwaka ili kukuridhisha, na utauandika. Muulize kama ilikuwa kabla ya Azimio la Arusha au baada, kabla ya vita ya Kagera au baada, msako wa wahujumu uchumi ulimkuta akiwa bendi gani. Hapo atakujibu bila kusita, nawe 1967, 1978 na 1983 unazijua.

La pili, majina ya bendi yenyewe yanakusaidia. NUTA, JUWATA, OTTU na Msondo Ngoma ni bendi moja iliyobadilishiwa jina, kwa hiyo jina linalotajwa kwenye wimbo linakuonyesha kipindi. Sauti nazo zinasaidia. Ukimsikia mwimbaji Muhidini Gurumo ndani ya bendi ya Mlimani Park, uko kati ya 1978 bendi ilipoanza na 1985 alipokwenda bendi ya Safari Sound. Kisha wasikilize wanaotajana katikati ya wimbo, pale magita yanapochanganya. Wengi hudhani ni mbwembwe. Mimi nasema orodha ya wapigaji iko humo, kwa sauti zao wenyewe. Kaa na kalamu.

Na mpelekee mzee spika kubwa zaidi. Besi haisikiki kwenye hizo ndogo, utamnyima kumsikia mwenzake.

MwanaChumbageni (Tanga)

Shikamoo mzee wangu. Spika nimeshaazima kwa jirani mwenye ukumbi, Jumamosi naipeleka Ngamiani. Dada BintiTumba, nikija Morogoro naomba ruhusa nikae na mama, na ukipenda tuandike jina la baba kwanza kabla ya mengine yote.

Ndugu wa Nairobi, umenigeuza. Kila wiki bendi mpya sitaendelea nayo, na wasomaji nitawaeleza. Naanza na yule kijana wa Amboni. Mzee anasema baada ya Tanga alikwenda Mombasa, akawa anapiga kwenye mahoteli, na mara ya mwisho kuonana naye ilikuwa kabla mpaka wa Kenya na Tanzania haujafungwa 1977. Alikuwa anapiga kwa mkono wa kushoto, gita la kawaida amelipindua bila kubadilisha nyuzi. Kama kuna mtu hapa mwenye baba, mjomba au jirani aliyecheza kwenye mahoteli ya Mombasa miaka hiyo, naomba amuulize kuhusu mpiga gita wa mkono wa kushoto aliyependa kukaa kwenye kiti.

SanturiNairobi

Wa mkono wa kushoto? Nina mjomba Kisauni aliyefanya kazi ya kuhudumu hotelini enzi hizo. Nampigia leo jioni.