Tupeane uzoefu: mikopo ya kausha damu (ya haraka, riba kubwa) ilipokukalia kooni

Kijana wa Mbagala
Wakuu, salama? Asubuhi hii hapa Rangi Tatu jirani yangu kabebewa friji. Jamaa wawili wamebeba, dada mmoja kashika daftari. Walipoliinamisha kulipakia kwenye kirikuu, bamia na dagaa zikamwagika mlangoni. Dada wa daftari akasema, "Mama, okota bamia zako, sisi tunadai friji tu." Na huyo mama anauza barafu za ubuyu. Sasa wamechukua friji, alipe na nini?
Mliopitia kausha damu, tupeane uzoefu.

Ngosha Original
"Okota bamia zako" 😂😂 Nimecheka ila inauma.

Dada wa Tandika
Umenikumbusha mbali, mtoa mada.
Nilikuwa kwenye kikundi cha kina mama, nikachukua laki tano. Wanakata hela ya fomu, bima na kitabu, unatoka na laki nne na chenji, ila riba inapigwa kwenye laki tano nzima. Marejesho kila Jumatano, kibarazani kwa mwenyekiti. Mmoja asipoleta, haondoki mtu mpaka wenzake wamchangie. Mara ya kwanza wanakuchangia na pole, mara ya pili wanakuchangia na matusi.
Mama mkwe akafariki. Msiba ukawekwa kwetu, maana mume wangu ndiye mkubwa. Jumatano ikafika, mimi nimejifunga kanga, hata simu sijui iko wapi. Mchana naona wenzangu wa kikundi hao, wamevaa sare. Nikasema afadhali, wamekuja kunizikia. Wakakaa mkekani, wakala wali maharage, wakanawa. Mwenyekiti akaniita pembeni. Nikajua napewa bahasha ya rambirambi. Akatoa daftari.
"Pole na msiba, shoga. Ila leo Jumatano."
Nikamwambia maiti bado iko ndani. Akasema, "Tunajua, ndiyo maana tunaongea taratibu." Kumbe wifi yangu mkubwa kasimama nyuma yetu. Yeye sasa ndiye aliyepaza sauti! Mume wangu, ambaye hajui kama nina mkopo, akatoka kwenye turubai la wanaume kuja kuuliza kuna nini...
Mtoto analia, narudi.

Bodaboda Mstaafu
Weeee! Usituachie hapo!

Kipepeo
Mtoto anyamaze kidogo jamani 😭

Msema Kweli
Hadithi nzuri, ila mkopo ulikuwa wa nini? Wanawake mnakopa mnunue madera mkalipe michezo ya upatu, halafu lawama kwa kampuni.

Kipepeo
@Msema Kweli na nyie wa pikipiki za mkataba je? Hesabu elfu kumi kila siku, ukiugua tajiri anachukua chombo, yote uliyolipa yamekwenda. Hiyo nayo ni madera?

Bodaboda Mstaafu
Hapo umenigusa, dada. Jina langu lilianzia hapo hapo.

Mwalimu Tabora
Watumishi ndio msiseme. Sheria inataka ubakiwe na theluthi ya mshahara, kwa hiyo ukifika hapo benki wanakufungia. Mtoto akilazwa unakwenda wapi? Kwa mzee wa mtaani, asilimia 30 kwa mwezi, unamwachia kadi ya benki na namba ya siri. Tarehe ya mshahara yeye ndiye anapanga foleni ATM, mimi nasubiri nje anikatie changu. Siku moja kaniambia, "Mwalimu, mwezi huu umepungua, kuna makato mapya." Ananisomea salari slipu yangu mwenyewe!

Sheria Ngowi Mdogo
Wakuu, haya yote yana sheria. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu 2018, kampuni yenye leseni ya BoT (Benki Kuu) haitakiwi kuzidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Novemba 2024 BoT ilitaja majukwaa na aplikesheni 69 za mikopo zisizo na leseni. Daini mkataba, someni, mkashitaki.

Ngosha Original
Sheria iko Dodoma, friji liko kwenye kirikuu.

Kipepeo
Hizo aplikesheni mimi ninazijua. Nimeomba elfu 50, imeingia 35, wiki moja inataka yote. Nilipochelewa walituma ujumbe kwa kila namba iliyomo kwenye simu: bosi, mchungaji, eksi. Hadi fundi bomba alinipigia kunipa pole, na yeye mwenyewe ananidai.

Bodaboda Mstaafu
Dawa yao ni kubadilisha laini.

Mwalimu Tabora
Ubadilishe laini, na mdhamini wako umbadilishe pia?

Mgeni Jukwaani
Samahani, kuna anayejua wanaotoa bila mdhamini? Nina dharura. PM.

Ngosha Original
@Mgeni Jukwaani umesoma kweli hapo juu?

Dada wa Tandika
Nimerudi. Mume wangu hakusema neno. Akaenda kwenye daftari la rambirambi, akahesabu, akampa mwenyekiti. Wakaandika "amelipa". Halafu wale wale wakaingia kuaga maiti, na walilia kweli kweli, mmoja ilibidi ashikwe. Mawifi hawajanisamehe hadi leo.
@Msema Kweli, ilikuwa mtaji wa vitumbua na mambo ya shule.

Msema Kweli
Elimu bila ada tangu 2016. Mambo gani?

Dada wa Tandika
Bila ada, baba. Sare, viatu, madaftari, uji na mchango wa mlinzi, unalipa wewe?

Sheria Ngowi Mdogo
Nendeni halmashauri, kuna mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Haina riba.

Mwalimu Tabora
Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Andiko la mradi, katiba ya kikundi, kata, wilaya... mwenye mgonjwa wodini atasubiri? Kausha damu wanakupa jioni hiyo hiyo. Hapo ndipo wanapotushinda.

Kipepeo
@Dada wa Tandika, na huyo mwenyekiti mnasalimiana?

Dada wa Tandika
Vizuri tu. Hela si yake, asipoifikisha ofisini wanabeba makochi yake.