Parachichi za bi mkubwa zimeungua na barafu Njombe, mjomba anataka kuzikata Jumamosi

Mkaa Tabata: Wakuu habari za saa hizi. Mi niko hapa Dar ila bi mkubwa yuko Njombe, nyuma ya nyumba ana kibustani chake, parachichi sita za Hass za kubebeshwa, yaani kikonyo cha Hass kimeunganishwa juu ya shina la kienyeji, zina miaka miwili, migomba na viazi kidogo. Juzi usiku barafu imepiga, asubuhi kanitumia picha nyasi nyeupe kama mtu kamwaga unga, saivi majani ya parachichi yote ya kahawia yamejikunja, migomba ndo usiseme, kama imemwagiwa maji ya moto. Mjomba kasema zimekufa, anakuja na panga asafishe apande kabichi. Ile miche nilinunua mimi jamani, kweli ndo basi?

Chura wa Jangwani: Mi jana nimetoa blanketi kabatini nikajua ndo baridi 😂 poleni huko

Mzee wa Jembe: Mzuie mjomba. Jani kuungua sio mti kufa. Mama akwangue gome kwa kucha, aanzie vitawi vya juu ashuke taratibu, akikuta kijani chenye unyevu hapo pazima, kahawia pakavu pamekwisha. Ila asitoe hukumu leo, tawi lililopigwa linaweza kukaa kijani siku kadhaa ndo ligeuke, arudie baada ya wiki mbili tatu. Kukata ni mpaka zichipue zenyewe, yale majani makavu yanakinga vitawi vya ndani na barafu hata Agosti inarudi. Mbolea ya kukuzia asiweke saivi, atachipuza majani laini yaungue tena.

Dada Mbogamboga: Mzee wa Jembe kamaliza ila naongeza, aangalie pale ilipobebeshwa, kile kikovu karibu na ardhi. Juu ya kovu kukiwa hai hata kidogo Hass bado unayo. Ikifa mpaka chini ya kovu itachipua vizuri tu utafurahi, kumbe ni kienyeji. Mi nilimwagilia chipukizi la hivyo miaka mitatu namsifia kila mgeni 🙈

Mkaa Tabata: Nimempigia bi mkubwa kakwangua tukiwa kwenye simu. Mitano juu kahawia, kuanzia kiunoni kijani. Ule wa sita ulioko chini kwenye ukuta kahawia mpaka kwenye kovu.

Mzee wa Jembe: Hewa ya baridi ni nzito, inateremka kama maji, ikikuta ukuta inatuama. Huo wa sita ukichipua chini mnabebesha upya, ila pale chini usipande tena kitu cha kuogopa baridi. Migomba tunguu liko ardhini, itatoa machipukizi. Viazi navyo visubirini. Mashina ya parachichi pakeni chokaa ya maji, hayana kivuli saivi jua litayababua.

Mkaa Tabata: Asanteni sana. Mjomba nimemwambia Jumamosi aje tu, ila panga aache kwake, abebe chokaa. Kanuna.