Cessna yanikimbia kushoto nikiruka Manda: ni joistiki au ni ndege?

Mtoto wa Shela
Assalamu alaykum jamani. Natumia FlightGear, programu ya kuigiza urushaji wa ndege, kwenye laptopu, na Cessna 172 ile inayokuja nayo. Nikitia moto (nikiongeza nguvu ya injini) pale uwanja wa ndege wa Manda, pua yaenda kushoto mpaka naingia vichakani. Jeti hainifanyii hivyo. Nimebadilisha joistiki, ni yale yale. Upepo nimeuzima wote. Nani ana dawa?

Watamu Boy
Washa ile ya kuunganisha usukani wa mkiani na mabawa kwenye mipangilio, basi. Usijitese.

Fundi wa Malindi
Wa alaykum salaam mwanangu. Hiyo ya Watamu haitakufaa: mkono wa joistiki ukiwa katikati, usukani nao hausogei.

Joistiki haina kosa. Ukiwa umekaa kitini, propela ya 172 inazunguka kama mshale wa saa. Hewa inayotupwa nyuma inajizungusha kwenye mwili wa ndege na kuupiga mkia ubavu wa kushoto; mkia unakwenda kulia, pua kushoto. Mwili nao unataka kulalia kushoto, kinyume na mzunguko wa propela, kwa hiyo gurudumu la upande huo linaelemewa. Ukishainua pua kupaa, panga linaloshuka kulia linakamata hewa zaidi kuliko linalopanda, unavutwa tena. Waulize wenye boti za mashine hapo kwenu: tia moto kwa ghafla uone mkono wa usukani unavyokuvuta.

Dawa ni mguu wa kulia, yaani kukanyaga pedali ya kulia ya usukani. Kama huna pedali, tumia Enter ya upande wa namba. 0 ni kushoto. Moto usiubamize, usukume taratibu, na ukanyage pua ikiwa bado imenyooka. Mwendo ukikolea mkia unapata hewa ya kutosha, punguza mguu. Ukitoa moto kuja kutua, toa na mguu. Hapo ndipo vijana wengi wanapoyumba.

Upepo ukiurudisha, anza na kaskazi ukiruka kuelekea kaskazini. Utakupiga kutoka kulia, pua itataka kuufuata, na kazi ya mguu itapungua.

Mtoto wa Shela
Shukran sana mzee. Enter imekubali, sasa nanyooka. Za propela zote ni mguu wa kulia?

Fundi wa Malindi
Si zote. Tiger Moth, ndege ya Waingereza, propela yake yazunguka kinyume, hiyo ni mguu wa kushoto. Nayo ina kigurudumu au kigongo tu mkiani, haisamehi. Iache kwanza, maliza na hiyo 172.