Mjadala: Mwanafunzi-ofisa asome shahada nzima, au uwanja wa gwaride unamtosha?

Mwalimu wa hesabu, Kamalondo
Vijana wanaomaliza sekondari hapa Lubumbashi wananiuliza njia ya akademia ya kijeshi ya Kananga, na wazee mtaani wanawaambia: "Jeshini husomi, unavumilia tu." Napinga. Mwanafunzi-ofisa asome shahada nzima hukohuko chuoni, na saa zake za kusoma zisiguswe.

Mpwa wangu yuko chuo kimoja cha kijeshi. Alipokuja likizo alikuwa amenyooka kama mwanzi, anakunja blanketi pembe kwa pembe. Nikaomba daftari lake la trigonometria. Kurasa nne zimejaa. Ya tano ina mstari mmoja unaoteremka mpaka ukingoni, pale alipolala na kalamu mkononi. "Mjomba, usiku tunalinda, mchana tunasinzia darasani, na mkufunzi anatuacha kwa huruma." Niliumia sana.

Maana hesabu zile ni za kazi. Wapiga mizinga katika majeshi mengi huligawa duara sehemu 6,400, na kwa umbali wa mita 1,000 sehemu moja ni karibu mita moja. Ofisa akikosea sehemu 50, shabaha ikiwa kilomita 3, bomu linaanguka karibu mita 150 pembeni. Simama mlangoni kwako, hesabu mita 150. Nani anaishi pale?

Mstaafu wa jeshi, Ruashi
Mwalimu, heshima zangu. Lakini vita vya mashariki mwa Kongo havingoji miaka ya shahada. Waingereza pale Sandhurst, chuo chao cha maofisa, wanamtoa ofisa kwa wiki 44. Nami nimeishi porini: askari anamfuata mkubwa anayekula naye, anayejua kwamba mkewe amejifungua. Hilo halifundishwi ubaoni.

Mwanafunzi, Kasapa
Papa, wengi wanaingia Sandhurst shahada tayari wanayo, wiki 44 zinakuja juu yake. Basi tufanye hivyo. Hapa wamo waliomaliza sheria na uhandisi, wanauza yunite za simu barabarani. Leta, yaani serikali, iwachukue hao.

Mama, Katuba
Mimi nina mtoto anayetaka kwenda. Akivunjika goti mwaka wa pili, anarudi kwangu na nini? Akiwa na masomo yanayotambuliwa, unif, chuo kikuu, itampokea aendelee. Akiwa na gwaride peke yake, anaanza sifuri na diploma yake ya Leta, ile ya kumaliza sekondari.

Mwalimu wa hesabu, Kamalondo
Mama, umenena jambo ambalo sikuliwaza, na ni zito kuliko langu.

Mdogo wangu wa Kasapa, mlango wenu ufunguliwe pia, nakubali. Ila katiba yetu, kifungu cha 189, inataka jeshini elimu ya kutosha pamoja na uwakilishi wa haki wa majimbo. Kijana wa Kasenga, wa Beni na wa Mbandaka wakilala bweni moja miaka mitatu, minne, wanajuana. Kwa miezi michache watajuana majina tu.

Papa, wazee wetu wa Force Publique, jeshi la ukoloni wa Wabelgiji, walijua kuvumilia na kula na askari. Walinyimwa shule ya maofisa. Uhuru ulipofika Juni 1960 hapakuwa na ofisa Mkongomani hata mmoja, na siku chache baadaye Jenerali Janssens, Mbelgiji mkuu wa jeshi hilo, aliwaandikia ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Maasi yalianza wiki ileile. Uvumilivu walikuwa nao tele.

Na ubao haumzuii mtu kuwa askari. Pale West Point, chuo cha maofisa wa Marekani, tangu enzi za Thayer aliyeanza kukiongoza chuo mwaka 1817, mwanafunzi anasoma somo usiku, kesho yake anasimama ubaoni kulieleza mbele ya wenzake. Anaandamana pia, anabeba bunduki pia. Lakini lazima alale. Wewe umepanga zamu miaka mingi: vijana 30, lango moja, inawezekana?

Mstaafu wa jeshi, Ruashi
Inawezekana. Usiku wenye urefu wa saa nane, wawili langoni, zamu ya saa mbili: ni watu 8 kwa usiku. Kila mmoja anakesha saa mbili, kisha siku tatu hivi hashikwi. Kama mpwa wako anasinzia darasani kila siku, zamu zao zinapangwa vibaya, au ni adhabu wameipa jina la zamu. Mwulize analinda mara ngapi kwa wiki, uniletee jibu.